Uchovu wa muuguzi mpya huanzia wapi?

Muuguzi, Lamu:
Asalaam aleikum. Nina miezi kumi na minne katika wodi ya wazazi ya kituo kimoja kisiwani. Nilipoanza, nilirudi nyumbani nikikumbuka jina la kila mama. Siku hizi nasema "kitanda cha nne", na juzi mama aliyeletwa kwa boti kutoka Faza aliponishika mkono akilia, nilijikuta nikihesabu matone ya dripu badala ya kumtazama. Nikipata mapumziko ya siku mbili nalala tu, na bado naamka nimechoka. Wenzangu wanasema nimekomaa. Je, ndivyo?

Muuguzi mstaafu, Malindi:
Aleikum salaam, mwanangu. Neno hilo "nimekomaa" ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu aliyekomaa huwa mtulivu ilhali bado anamwona mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, haliiiti hali hii ugonjwa, bali ni jambo la kazini litokanalo na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa, nalo hutaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuifanya kazi kwa moyo uliojitenga, na kuona kwamba huwezi tena kuifanya ipasavyo. Wewe umeshafika kwenye ya pili. Chuoni ulifundishwa kumhudumia mgonjwa mmoja hadi mwisho. Usiku unakabidhiwa wodi nzima, na yule mwenye bidii ndiye huumia mapema, kwani kila alichokosa muda wa kukifanya hukihesabu kuwa deni lake. Moyo hujifunga ili deni lisizidi.

Afisa wa kliniki, Lamu:
Naafiki, ila dada, kapimwe damu kwanza, maana upungufu wa damu nao huchosha, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huweza kufanana na haya yote. Kuhusu hilo pengo la chuo na wodi, Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliandika kulihusu tangu mwaka 1974, kwa hiyo usidhani ni udhaifu wako. Mimi kilichonivunja hakikuwa wingi wa wagonjwa, bali kukosa mtu wa kumuuliza saa nane za usiku.

Muuguzi, Lamu:
Ahsanteni. Nimetazama ratiba: zamu saba za usiku mfululizo, peke yangu. Nikiomba niwekwe na mwenzangu mzoefu, niseme kwa mdomo au niandike?

Muuguzi mstaafu, Malindi:
Andika, mwanangu, utaje tarehe za zamu hizo, na ubaki na nakala.