HIVI UDONGO WA GARI UKIDONDOKA MCHANGANI MTU MZIMA ANAUPULIZA? Watu wa Tanga njooni hapa

Msumari_wa_Ngamiani (mwenye uzi)

Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Salamu mtanidai baadaye.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji jina, lakini mnamjua. Mwenye bango kubwa kuliko kibanda chenyewe. Anayewaambia watu "hapa hatuoshi gari, hapa tunahuisha rangi". Watu wa Chumbageni mnapita mbele yake kila asubuhi. Watu wa Raskazone ndio mnaomjaza kichwa kwa kumsifia. Mnamjua, msijifanye wageni.

Gari langu Allion, nyeusi. Lilikuwa halina mkwaruzo hata mmoja, ila ukilipapasa unahisi vichembe vichembe. Ndiyo hali ya gari linalolala nje Tanga hii: chumvi ya bahari, vumbi la saruji, matone ya lami, na utomvu wa mwembe wa jirani ambaye hata embe moja hajawahi kunirushia. Nikamwambia nataka ule udongo wa kung'oa uchafu ulioshika kwenye rangi. Akasema, "Anko, hapo ndipo kwangu." Elfu hamsini, taslimu, mbele.

Mwanzo alikwenda vizuri, nisimzulie mtu. Akaosha gari, akakata kipande, akakikandakanda mpaka kikawa bapa, akanyunyizia maji ya shampuu kwenye mlango, akawa anausugua taratibu bila kukandamiza. Kipande kinatoka cha kahawia. Nikapiga picha nikamtumia shemeji.

Tukafika kwenye boneti. Simu yake ikaita. Akapokea kwa mkono uleule wa udongo. Udongo ukamponyoka, pu! chini. Na mchanga wa pale mnaujua, una changarawe na vipande vya makombe ndani.

Nikajisemea sawa, ajali kazini, atakata kipande kingine. Akauokota. Akautazama. AKAUPULIZA. Fuuu! Kama mtoto aliyedondosha kashata. Akaufuta kwenye kaptula, akarudi nao moja kwa moja kwenye boneti YANGU, simu ingali sikioni, anacheka na mtu wa upande wa pili!

Nikapiga ukelele, weee! Akanigeukia bila haraka: "Tulia anko, mchanga kidogo ndiyo unaong'arisha."

Nirudie? Mchanga. Kidogo. Ndiyo. Unaong'arisha.

Sasa hivi jua likiipiga ile boneti naziona barabara zote za Ngamiani, ya kwanza mpaka ya ishirini na vichochoro vyake. Rubani wa ndege ya Pemba akipita juu anaweza kuifuata akafika. Nikamwambia rudisha hela yangu. Mnajua kanijibu nini? Nimwongeze elfu thelathini apige polishi aondoe "vimistari".

Nimwongeze! Aliyeupuliza ni nani?

Wakuu semeni neno, maana mimi nimeishiwa. Mtu una ndevu, una watoto, unaupulizaje?

Mkwezi_wa_Duga

Pole sana mkuu. Kabla hatujamhukumu mtu, aliupulizia upande mmoja au aliugeuza?

Bint_Sahare

Nimecheka mpaka mume wangu kaniuliza nachati na nani. "Akautazama." Yaani alifikiria kwanza!

Msumari_wa_Ngamiani

Dada yangu, ALIFIKIRIA. Hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa hakuona ningesema hakuona. Aliutazama kabisa, akaona mchanga, akaupuliza.

FundiRangi_Mstaafu

Vijana, poleni na kelele. Nimepiga rangi magari miaka mingi, niseme kidogo.

Huo udongo si wa mfinyanzi wala haukuchimbwa popote. Ni kitu cha kiwandani, mfano wa mpira laini, na ndani yake mna chembe ndogo mno za kusagia. Mjapani Tadao Kodate alipopata hataza yake Marekani mwaka 1995 aliuandikisha kama jiwe la kusagia linalonyumbulika. Jiwe la kusagia, mmesikia? Unateleza juu ya maji ya shampuu na kukata vile tu vilivyochomoza juu ya rangi: chembe za chuma kutoka kwenye breki, lami, utomvu, rangi iliyorushwa na upepo kutoka gereji ya jirani. Zile chembe za ndani zimepimwa. Mchanga wa Tanga hakuna aliyeupima.

Ukidondoka unatupwa. Hauoshwi, haupulizwi, haufutwi kwenye kaptula. Kwa sababu hiyo fundi anayejua kazi hashiki donge zima, anakata kipande kidogo. Kikianguka hasara si kubwa.

Klia ya kiwandani, lile tabaka angavu la juu kabisa ya rangi, unene wake ni kama mikroni 40 mpaka 50 hivi. Unywele wako mara nyingi unazidi hapo. Polishi kweli inaondoa mikwaruzo, lakini inaiondoa kwa kuila hiyo hiyo klia. Basi asikuguse na mashine kabla hajakuonyesha kipimo cha unene wa rangi. Kama hana kipimo, mwambie akusalimie nyumbani.

Msumari_wa_Ngamiani

MMEMSOMA MZEE? HAUPULIZWI! Kaandika mwenyewe hapo, HAUPULIZWI! Na kaptula kaitaja!

Chaza_Mkavu

Allion ya mwaka gani kwanza? Isije kuwa ile ya 2003 iliyokwishapigwa rangi mara tatu chini ya mwarobaini, halafu unatulilia klia hapa. Klia ipi?

Msumari_wa_Ngamiani

Mwaka unahusiana nini na kupuliza? Kwenye ya 2003 inaruhusiwa?

Chaza_Mkavu

Basi ni ya 2003.

Mwana_Makorora

Watu wa Tanga kwa kujipamba hatujambo. Gari linawekewa mafuta ya elfu kumi, linasuguliwa udongo wa elfu hamsini. Mimi langu naliosha kwa sabuni ya unga na kipande cha gunia la mkonge. Linameremeta.

FundiRangi_Mstaafu

Kijana wangu, sabuni ya unga inaondoa nta yote inayolinda rangi. Hilo gunia sitaki hata kulizungumzia.

Mwana_Makorora

Nta ipi babu? Nimelikuta halina.

Bint_Sahare

Fundi shikamoo. Mimi nina Passo nyeupe, nitajuaje kama linahitaji huo udongo au naibiwa?

FundiRangi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Lioshe, likauke, kisha vaa mfuko wa nailoni mkononi ulipapase taratibu kwa ncha za vidole. Nailoni inakuza hisia. Ukihisi vichembe, linahitaji. Likiwa linateleza tu, hela yako nunulia samaki.

Chaza_Mkavu

Mzee, mifuko ya nailoni imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Unataka bibie akamatwe barabarani na ushahidi kauvaa mkononi?

FundiRangi_Mstaafu

Avae mfuko wa mkate. Na akishamaliza udongo asiliache hivyo hivyo, maana nta imetoka pamoja na uchafu. Apake nta mpya siku hiyo hiyo. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, si kila Ijumaa.

Mkwezi_wa_Duga

Na alama za kunguru, fundi, zinatoka? Mimi adui yangu si mwenye bango, ni kunguru. Nikiegesha chini ya mti nusu saa, nikirudi wameshanitia sahihi kwenye paa.

FundiRangi_Mstaafu

Ukiwahi, maji mengi na kitambaa laini yanatosha. Kinyesi kikikaukia juani kinachimba klia, na shimo halitolewi kwa udongo. Udongo unaondoa kilichozidi, haujazi kilichopungua.

Mwalimu_Usagara

Kunguru hawa wala si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka mitaani. Wakala takataka, wakala mayai ya ndege wengine, wakavuka bahari, na sasa wamefika kwenye paa la Mkwezi.

Mkwezi_wa_Duga

Sasa hilo ndilo la kufungulia uzi! Nani aliwaleta, na familia yake iko wapi tukaidai?

Msumari_wa_Ngamiani

Jamani, kunguru hana akili. Kunguru hakuchukua elfu hamsini yangu. Kunguru hakunambia mchanga unang'arisha. Turudi kwenye mada.

Mwana_Makorora

Ila kaka, kunguru ana nafuu, hapulizi.

BodaKange_Daima

Ninyi wenye magari mnalia na udongo. Sisi pale stendi ya Kange abiria anapanda na kreti la mayai na jogoo, tukifika ananiambia "nimesahau pochi, nisubiri". Nimsubiri wapi? Kaingia nyumba yenye milango minne!

Bint_Sahare

Kreti la mayai NA jogoo?

BodaKange_Daima

Na jogoo. Kanidonoa mgongoni tangu Kange mpaka Mikanjuni.

Mama_Raskazone

Mimi yangu ni ya mbuzi. Nimelipeleka gari kwa yule yule mwenye bango, na mimi alinifanyia vizuri tu, tena alinipakia nta. Nikarudi nyumbani, nikaingia ndani kunywa maji. Kutoka, mbuzi kasimama juu ya boneti, kwato nne zote, ananitazama machoni. Nikamwambia shuka. Akakojoa.

Msumari_wa_Ngamiani

Mama, samahani, umesema "alinifanyia vizuri"? Huyu huyu? Wewe ulikuwepo anaposugua? Una hakika hakuupuliza ukiwa umeangalia pembeni?

Mama_Raskazone

Mwanangu, sikumwona akipuliza kitu. Mimi hoja yangu ni mbuzi.

Chaza_Mkavu

Labda kwako simu haikuita.

Mwalimu_Usagara

Mama, mwenye mbuzi anajulikana? Mifugo kuzurura mjini si ruhusa. Nenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anamwita mwenye mali, mnaandikishana.

Mama_Raskazone

Mwenyekiti ndiye mwenye mbuzi.

Bint_Sahare

Haya tena!

Mkwezi_wa_Duga

Beberu mweusi mwenye baka jeupe sikioni? Huyo alikuja mpaka Duga mwezi wa Ramadhani, akala futari yetu nzima pamoja na kitambaa cha meza.

Mama_Raskazone

Wangu ni jike, kahawia. Kwa hiyo wako wengi.

Msumari_wa_Ngamiani

Nimepata picha ya boneti. Naiweka hapa mwone wenyewe. Angalieni upande wa kulia karibu na taa, hapo ndipo alipoanzia baada ya kuupuliza.

Mwana_Makorora

Mbona siioni mikwaruzo? Naona mtu mwenye fulana anapiga picha.

Msumari_wa_Ngamiani

Ikuze!

Mwana_Makorora

Nimeikuza. Fulana ina tundu.

FundiRangi_Mstaafu

Mimi nimeiona mikwaruzo, mwanangu. Mingi inaonekana ya juu juu. Pitisha ukucha: usipokwama, polishi laini ya mkono itaifuta. Ukikwama, nipigie kelele humu.

Msumari_wa_Ngamiani

Asante mzee wangu. Ukucha umekwama sehemu moja. Ile ya fuuu.

BodaKange_Daima

Mama Raskazone, usimwachie mwenyekiti. Dai maji ya kuoshea na nta. Mbuzi jike akizaa, dai mtoto mmoja.

Mwalimu_Usagara

Hakuna sheria ya namna hiyo.

BodaKange_Daima

Na ya jogoo kunidonoa ipo?

Bint_Sahare

Mnaongelea mbuzi wa kwenye gari, wa kwetu aliingia sebuleni akala kadi ya harusi ya mdogo wangu, na bahasha ya mchango ilikuwa ndani, elfu ishirini. Mwenye mbuzi kaniuliza nina ushahidi gani kuwa hela ilikuwemo. Kesho nafungua uzi wake, mje wote, na Mwalimu uje na hiyo sheria.