4294967297 imepita jaribio la Fermat, mbona ina vigawo?

Kipeo32: Wakuu, naomba ufafanuzi. Namba 2^32 + 1, yaani 4294967297, nimeipima kwa jaribio la Fermat (unapandisha namba kama 2 kwa kipeo cha namba inayopimwa toa 1, kisha unagawa kwa namba hiyo; ikiwa ni tasa, baki ni 1) nikitumia 2, baki ikatoka 1, kwa hiyo nikaichukulia ni tasa. Lakini orodha ya vigawo inaonyesha 641 × 6700417. Kipi sahihi? Na je, 641 inathibitishwaje kwa karatasi na kalamu?

BakiSifuri: Vigawo ndivyo sahihi, mkuu. Kosa ni kuchagua 2. Ukigawa kwa namba hii, 2^32 ni sawa na baki −1 (yaani imepungukiwa 1 tu kuifikia), hivyo 2^64 ni baki 1. Jaribio linataka 2 kwa kipeo cha 2^32, na 2^32 inagawanyika kwa 64. Jibu lazima liwe 1, namba iwe tasa isiwe tasa! Namba zote za Fermat (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, jumlisha 1) zinapita hapo. Weka 3: baki ni 3029026160, basi si tasa.

Uthibitisho wa 641 ni mtamu sana. 641 = 5 × 2^7 + 1, na pia 641 = 5^4 + 2^4. Sasa tunagawa kwa 641. Kwa ile ya kwanza, 5 × 2^7 ni baki −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4, upate 5^4 × 2^28 ni baki 1. Kwa ya pili, 5^4 ni sawa na −2^4. Iingize: −2^32 ni baki 1. Kwa hiyo 2^32 + 1 ni baki 0.

Tasa257: Naongezea. Mwanahisabati Euler, aliyeivunja namba hii kuwa vigawo mwaka 1732, hakuhitaji kujaribu kila namba tasa. Kigawo tasa chochote hapa lazima kiwe cha umbo 64k + 1: 193, 257, 449, 577, 641. Cha tano tu! Baadaye mwanahisabati Lucas alibana zaidi, 128k + 1, zikabaki 257 na 641.

Kanuni hiyohiyo inamaliza 6700417, maana kigawo chake chochote ni kigawo cha 4294967297 pia. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na namba tasa za umbo 128k + 1 hadi hapo ni 257, 641, 769, 1153 na 1409. Baki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, kwa hiyo ni tasa.

Kipeo32: Shukrani. Nikiandika programu ya kujaribu kwa 3, biti 64 zinatosha?

BakiSifuri: Hazitoshi. Baki inaweza kufika 2^32, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2^64, moja zaidi ya kikomo cha biti 64 zisizo na alama (za namba zisizo hasi tu). Kwa mfano, ukianza na 2, kuzidisha kwa yenyewe mara ya sita kunakupa 0 na unabaki na 0 hadi mwisho. Zenye alama (zinazobeba hasi pia) zinafurika mapema zaidi, baki ikizidi 3037000499. Tumia biti 128, au lugha ya programu ya Python, ambayo namba zake nzima hazina kikomo hicho.