Toleo jipya la Black limebadilisha mtindo: tuhame lini?

kitasa
Wakuu, mradi wetu wa Python bado umefungwa kwenye Black 24 (programu inayopanga mtindo wa msimbo yenyewe). Tumeijaribu 25.1 na faili 140 hivi zimebadilika, nyingi mstari mmoja au miwili tu. Maombi ya kuunganisha yaliyo wazi ni 30 na ushei, na tawi la toleo lijalo litakatwa wiki mbili zijazo. Tuhame sasa, tusubiri toleo litoke, au tuache kila faili ibadilike siku itakapoguswa? Ninachohofia zaidi ni `git blame` (amri inayoonyesha nani aliugusa kila mstari mara ya mwisho) na migongano.

shina
Hilo la tatu liondoeni mezani. Rekebisho la mstari mmoja litakuja limezungukwa na mabadiliko ya mtindo, na mkaguzi atapitwa na kosa lenyewe. Tena `black --check` haitapita mpaka faili zote ziishe, kwa hiyo mtaishia kuizima.

Kinachoamua ni matawi ambayo bado mtayapelekea marekebisho. Mkikata tawi kwanza halafu mkapanga upya tawi kuu, `git cherry-pick` (kunakili rekebisho moja toka tawi hadi tawi) itagongana kila inapokuta mistari iliyobadilishwa, kwa muda wote mtakaohudumia toleo hilo. Hameni kabla ya kukata. Matawi ya zamani yenye uhai mrefu yapangeni kwa Black ileile. Yanayokaribia kufungwa, yaacheni yalivyo.

Kazi hii haiji kila mwezi, maana Black hubadilisha mtindo wake thabiti kwenye toleo la kwanza la mwaka tu. Andikeni `black~=25.1`, isije 26 ikaingia yenyewe.

kigingi
Naunga mkono. Fanyeni komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git) tatu:

1. Toleo jipya la Black kwenye mipangilio, pamoja na `.pre-commit-config.yaml` kama mnaitumia.
2. Matokeo ya `black .` peke yake.
3. Faili `.git-blame-ignore-revs` yenye heshi (namba ya utambulisho) ya komiti ya pili, herufi zote 40. Inaiambia `git blame` iruke komiti hiyo.

Ya tatu lazima isimame peke yake, kwa sababu komiti haiwezi kubeba heshi yake yenyewe. Wakati wa kuunganisha msizibane kuwa moja wala msitumie rebase (kuziandika upya juu ya tawi jingine): heshi itabadilika na faili hiyo itabaki inaelekeza hewani.

Kisha kila mtu aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs` (Git 2.23 kwenda juu). Msiweke `--global`, kwani kwenye repo isiyo na faili hiyo `git blame` itagoma kabisa. GitHub huisoma bila kuambiwa.

kitasa
Na yale maombi 30? Wengi ni watu wa kujitolea, ukiwaambia watatue migongano hawarudi.

kigingi
Hawana haja ya kutatua kwa mkono. Tuseme H ni heshi ya ile komiti ya pili, na H^ ni komiti iliyo kabla yake. Kwenye tawi lake, akiwa ameshasakinisha Black mpya:

```
git merge H^
black .
git commit -am "Panga upya"
git merge -s ours H
git merge origin/main
```

Mgongano ukitokea kwenye mstari wa kwanza au wa mwisho, ni mgongano halisi wa msimbo, si wa mtindo. Lakini angalieni `-s ours`: inaiandika H kuwa imeshaunganishwa huku ikitupa kila kilichomo. Ndiyo maana toleo jipya linakaa kwenye komiti ya kwanza. Mtu akichomeka rekebisho la hitilafu ndani ya H, litapotea kimyakimya kwenye kila tawi.

shina
Yaliyokwisha kukaguliwa yaunganisheni kabla ya H, yatapunguza hesabu.

Black hulinganisha muundo wa msimbo kabla na baada, kwa hiyo tabia ya programu haitabadilika. Maoni ndiyo ya kutazama. `# type: ignore` au `# noqa` (maoni yanayozima onyo kwenye mstari wake) iliyokuwa kwenye mstari mrefu, mstari ukivunjwa, inaweza kuangukia mahali ambapo haizuii tena onyo hilo. Endesheni mypy (mkaguzi wa aina za data) na flake8 (mkaguzi wa makosa na mtindo) juu ya H kabla hamjaisukuma. Penye malalamiko, sogezeni maoni hayo kwa komiti ya kabla yake, kisha mpange upya.