Naomba ushauri: kufundisha uzazi wa mpango kwa akina mama wa asili ya Burundi, Dodoma

Mhudumu_Nkuhungu: Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dodoma mjini. Nimekabidhiwa kikundi cha akina mama kama 30, wengi wa familia za wakimbizi wa 1972 waliopewa uraia, wakahamia huku kutoka makazi ya wakimbizi ya Mishamo na Ulyankulu. Mabinti Kiswahili wanacho, ila bibi zao na wake walioletwa karibuni wanategemea Kirundi. Nianzie wapi, na ni nini huwa kinaharibu somo la namna hii?

BintiWaMtera: Dada, 30 kwa mpigo huo ni mkutano wa hadhara. Gawa makundi ya watu 10 hadi 12, na usimweke mama mkwe pamoja na mkamwana wake. Mkwe akiwepo, mkamwana hafungui mdomo.

Kinachoharibu zaidi ni ukalimani. Asitafsiri mume, wala mtoto wa mshiriki, wala mjumbe wa mtaa. Tafuta mwanamke mtu mzima, kaa naye siku moja kabla, mtamke kwa sauti kila neno mtakalotumia: hedhi, uke, mji wa mimba, kujamiiana. Asipozoea ataona haya mbele za watu na kukata nusu ya maneno yako. Sema sentensi mbili, nyamaza, atafsiri. Ukiongea dakika mbili naye akamaliza kwa sekunde kumi, ujue somo limeishia kwake. Halafu mwombe mama mmoja akueleze alichosikia. Usiulize "mmeelewa?", maana wataitikia ndiyo wote.

Nesi_Makole: Naongezea. Azima vifaa vya maonyesho zahanati: pakiti ya vidonge, kichupa cha sindano, vijiti, lupu, kondomu na uume wa mbao. Wavishike wenyewe. Kijiti kinapinda na ukubwa wake unakaribia njiti ya kiberiti. Akikigusa, ile hofu ya "chuma kinachotembea mwilini" inapungua. Mwonyeshe kinapokaa: chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, na anaweza kukipapasa. Aina ya Jadelle ni vijiti viwili, hukaa miaka 5. Aina ya Implanon ni kimoja, miaka 3.

Madhara yatangulie faida, hasa ya sindano, kwa sababu ndiyo inayopendwa na ndiyo inayoachwa njiani. Miezi ya mwanzo damu hutoka ovyo ovyo, matone leo, wiki nzima kesho. Baadaye kwa wengi hedhi hukata kabisa. Asiyeambiwa anadhani damu inajikusanya tumboni. Haijikusanyi: dawa inafanya ukuta wa mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Anayetaka mtoto mwakani mshauri njia nyingine, maana uwezo wa kushika mimba hurudi kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Uvumi wa kufunga kizazi unatokea hapo hapo.

Sindano hiyo, yaani Depo, ni kila wiki 13. Akichelewa hadi wiki 4 bado achomwe, asirudishwe nyumbani. Na asisugue pale alipochomwa, dawa itaisha mapema.

Mkunga_Chamwino: Msisahau wanaonyonyesha. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Uji ukiingia, kinga imekwisha. Vidonge vyenye homoni mbili asubiri mpaka mtoto afikishe miezi 6. Vijiti anaweza kuweka mapema.

Anayetumia dawa za TB aseme kabla ya kuchagua: rifampicin, mojawapo ya dawa hizo, inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Sindano haiathiriki.

Mhudumu_Nkuhungu: Asanteni sana. Baadhi wanasema walifika zahanati wakarudishwa nyumbani kwa kuwa hawakuwa hedhini.

Nesi_Makole: Hilo linanikera kweli. Mtoa huduma anapaswa kuuliza maswali sita: umejifungua ndani ya wiki 4? Unanyonyesha kwa yale masharti matatu? Hedhi ya mwisho imeanza ndani ya siku 7? Mimba imeharibika ndani ya siku 7? Umekaa bila kujamiiana tangu hedhi ya mwisho, au tangu ujifungue? Unatumia njia ya uhakika bila kukosea? "Ndiyo" moja tu na hana dalili za mimba, apewe huduma siku hiyo hiyo. Wafundishe maswali hayo kwa Kirundi, wakayajue kabla ya kufika dirishani. Na huduma hii vituo vya serikali ni bure, haihitaji sahihi ya mume.

Mhudumu_Nkuhungu: Swali la mwisho. Yupo mama ambaye Jadelle zake zimepitisha miaka 5, aliwekewa na timu ya mkoba (wahudumu wanaozunguka), na kituo cha jirani hakuna wa kutoa.

Mkunga_Chamwino: Atumie kondomu kuanzia leo, na asikubali kabisa kupasuliwa mkono na mtu wa mtaani. Mpigie mganga mfawidhi wa kituo cha afya kikubwa, uliza mtoaji aliyefunzwa yupo siku gani, ndipo umpeleke na kadi yake. Kama vijiti vinapapasika, kazi ni ya dakika chache kwa ganzi. Visipopapasika asichimbwe hapo, apewe rufaa hospitali ya mkoa vikatafutwe kwa ultrasaundi kwanza.