Mrejesho: gego limeng'olewa, nimetoka mzima

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje: gego linaniuma usiku kucha, lakini kila nikifika mlangoni kwa daktari wa meno narudi zangu Majengo. Nilipokuwa darasa la 4 niling'olewa jino kabla ganzi haijakolea, na harufu ile ya dawa sijaisahau.

Jana nimekwenda, hapa hapa Moshi. Yule dada aliyenishauri niseme hofu yangu kabla ya kukaa kwenye kiti, Mungu akubariki sana. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba fizi ikivimba kwa uambukizo, ganzi hushika kwa shida, ndiyo maana kusubiri maumivu yazidi ni kujiumiza mara mbili. Tukakubaliana nikinyoosha mkono wa kushoto anasimama. Nilinyoosha, akasimama kweli! Akaongeza sindano, tukasubiri mdomo ukawa mzito kama si wangu. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa tu, maumivu hapana.

Sasa nakunywa uji wa vuguvugu. Jumamosi nampeleka mwanangu akaangaliwe, kabla hajaumwa.