Nyanya yake babu aligoma kuhama Sabaki 1914, nianzie wapi kuandika?

mwana_sabaki: Habari zenu wakuu. Kwetu Giriama, pwani ya Kenya, tunaambiwa nyanya yake babu aligoma kuondoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki Waingereza walipowahamisha watu 1914, askari wao wakachoma nyumba, yeye akabeba mbegu za mtama kwenye kibuyu akaingia msituni na watoto. Huyu mama ni shujaa kabisa na hana hata mstari mmoja ulioandikwa. Nianzie wapi?

kaya_moja: Rekodi wazee kwa simu leo leo. Usiwaulize mwaka, uliza mtoto gani alikuwa mgongoni, alipita njia ipi, alikula nini, halafu linganisha na yanayojulikana: Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alishikwa Oktoba 1913 akapelekwa Kisii, Januari 1914 akatoroka akarudi kwa miguu, na Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914.

dadake_kilifi: Waulize akina mama jamani, wanaume watakupa vita tu. Mekatilili alikusanya watu kwa ngoma ya kifudu na wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, hawe (bibi) wako huenda alikuwepo. Uliza pia nyimbo za matanga, kwetu ndizo zilizohifadhi jina la bibi yetu.

mzee_wa_faili: Pitia pia nyaraka za taifa Nairobi, kuna ripoti za wilaya za wakati huo. Wagiriama walipigwa faini ya rupia 100,000.

mwana_sabaki: Asanteni sana. Shangazi anazijua hizo nyimbo, nampigia jioni.