Re: Re: Barua ya lambo: tumepandishwa Kategoria I

Mama Riziki, Marietta:
Ndugu zangu, hamjambo. Juzi nimepata barua ya ofisi ya mabwawa ya jimbo letu la Georgia. Lile lambo la udongo nyuma ya nyumba, letu majirani wanne, lilikuwa Kategoria II, sasa wanasema ni Kategoria I. Wanataka kibali, mhandisi, na EAP, yaani mpango wa dharura lambo likipasuka. Tuta ni lile lile tangu tununue. HOA, ile jumuiya ya wenye nyumba, hatuna. Gharama tunagawanaje, na nani anatia sahihi? Aliyepitia haya naomba anishike mkono.

Baba Kui, Lawrenceville:
Pole sana dada. Kategoria I maana yake lambo limechakaa, uzeni mapema. Mimi niliambiwa nikate misonobari yote iliyoota kwenye tuta, nikang'oa mpaka mashina.

Mzee wa Decatur:
Baba Kui, usimtie mama wa watu hofu kwa jambo usilolijua. Kategoria haipimi ubovu. Inauliza: likipasuka, kuna mtu wa kufa huko chini? Lambo zima kabisa laweza kuwa Kategoria I, na bovu likabaki II kwa kuwa chini yake ni malisho tu. Hali ya tuta inakaguliwa kivyake. Na mashina makubwa hayang'olewi hivi hivi! Unaacha shimo, maji yanapata njia. Mwite mhandisi alitazame.
Sheria hii ya mabwawa ya Georgia ni ya 1978. Mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia Novemba 6, bwawa la Kelly Barnes pale Toccoa lilipasuka, likaua watu 39 kwenye chuo cha Biblia kilichokuwa chini yake. Nalo lilikuwa la udongo, mali ya binafsi, si ya serikali. Mama Riziki, huko chini kumejengwa?

Mama Riziki:
Kumejengwa, baba. Nyumba kumi na moja, mpya.

Mzee wa Decatur:
Basi ndiyo hizo zilizowapandisha.

Baba Kui:
Mzee, nimesikia, lakini kwa lugha ya upole ningesikia vizuri zaidi. Halafu kwa nini anayejenga chini asilipe yeye?

Dada wa Nakuru, Clarkston:
Nimesoma haya nikakosa usingizi. Sisi kwetu Solai, huko Nakuru, Kenya, tulilala chini ya lambo la tajiri. Mei 9, 2018, mvua imenyesha wiki nyingi, bwawa la Patel likaachia usiku. Vijiji vya Nyakinyua na Energy vikasombwa, wakafa zaidi ya watu 40. Mamlaka ya maji ikasema halikuwa na kibali. Sijawahi kusikia mtu akimwandikia mwenye lambo barua kama hii yako, mama. Kila masika nikipiga simu nyumbani naanza kuuliza mvua, ndipo nauliza watu.

Mzee wa Decatur:
Pole mwanangu.

Mama Riziki:
Dada wa Nakuru, Mungu awape faraja. Leo nimeteremka mpaka mguu wa tuta. Hakujanyesha siku tisa, lakini pana kiraka cha majani mabichi, buti likazama hadi kifundoni.

Mzee wa Decatur:
Maji yanayotoka hapo ni maangavu au yana tope? Yakiwa na tope, yanabeba udongo wa tuta kutoka ndani. Usingoje kugawana gharama, piga simu ofisini leo hii.

Mama Riziki:
Nachukua tochi, narudi kutazama.